Mabikira Wanane wa Madamu

Mimi nilizaliwa na mdomo. Mama yangu alikuwa akisema nilitoka tumboni nikiwa tayari nabishana na mkunga, na sijaacha mpaka leo, ingawa meno yamepungua. Naliweka hili mbele kabisa ili msomaji asije akanihurumia bure. Mambo ninayoyasimulia hapa niliyaharibu mwenyewe, kwa mdomo huu huu, na aliyeumia alikuwa dada yangu.

Mwaka wa uhuru nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane pale Uvira, nimesoma kwa mabikira. Hapo inabidi nieleze, maana ndugu zetu wa pwani wakisikia neno hilo wanafikiri kitu kingine. Kwetu Kongo bikira ni sista, yule mwenye kitambaa kichwani na rozari kiunoni. Hatukumwita sista, tulimwita bikira, na nyumba yao ilikuwa "kwa mabikira". Nilikua hivyo, na sikujua kama neno lile lina kazi nyingine yoyote duniani.

Katika shule moja ya sekondari karibu na ziwa kulikuwa na mwalimu wa biolojia, mama Mbelgiji, mjane, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tulimwita Madamu tu. Wazungu wengi walikuwa wamevuka kwenda Usumbura, ng'ambo ya mpaka, redio ilipoanza kutisha. Yeye alisema ana wadudu wa kulisha, hana nafasi ya kukimbia. Aliyeondoka ni msaidizi wake. Siku zile kila aliyejua kuandika barua alipata cheo ofisini, na huyu naye akapata chake, akaacha beseni limejaa chupa chafu. Nikaenda kuomba kuziosha. Madamu akanitazama mikono, akasema, "Safi," nikaingia kazini.

Wadudu wenyewe walikuwa nzi. Siyo nzi wa chooni, hapana, ni wale wadogo mno wanaozunguka ndizi zilizoiva na mtungi wa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Madamu aliwafuga ndani ya chupa. Kila chupa ilikuwa na uji mzito wa mahindi na ndizi chini, na kizibo cha pamba juu, na mpika uji nilikuwa mimi. Nilipoeleza nyumbani, mama alishika kiuno.

"Weye unapikia nzi uji? Minye mama yako hata chai hujanipikia wiki hii!"

"Mama, ile njo kazi."

"Kazi! Watu wote wanafukuza nzi, mtoto wangu anawapakulia!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mimi niliipenda kazi ile, sitaki kudanganya. Nilijifunza kuwalaza nzi usingizi kwa etere, dawa yenye harufu kali inayokaa kwenye nguo siku mbili. Nikajifunza kuwamwaga juu ya sahani nyeupe, kuwageuza kwa brashi ndogo, kumjua dume kwa ncha yake nyeusi ya nyuma na jike kwa tumbo lake lililochongoka. Madamu alinifundisha kutazama kwa hadubini. Mara ya kwanza nilipoona jicho la nzi, jekundu, limejaa vyumba vidogo vidogo vilivyopangwa sawasawa, nilipiga kelele, "Yesu wangu!" Naye akafurahi sana, akaniachia nikatazama mpaka saa ya chakula.

Nilikuwa nimefanya kazi hiyo miaka mitatu na zaidi siku Madamu alipoona nzi mwenye macho meupe. Tulikuwa tumeweka kasiksi dirishani kuwanasa nzi wa nje, na mmoja wao, katikati ya wenzake wenye macho mekundu, alikuwa na macho kama maji yaliyotiwa chai kidogo. Madamu aliinuka, akazunguka meza, akakaa tena. Aliniambia kitu kimebadilika katika mwili wa nzi yule, kitu kidogo sana ambacho nzi huwapa watoto wao, na sasa ni kazi yetu kujua anakipata kwa nani. Kwa mama? Kwa baba? Au kwa wote wawili?

"Tutamuulizaje?" nikasema. "Nzi hana mdomo kama wangu."

"Tutamwoza," akasema Madamu. "Watoto ndio watakaojibu."

Tukamzalisha yule nzi na kizazi chake, wekundu kwa weupe wamechanganyika bila hesabu, hadi tukapata chupa nzima ya macho meupe. Mpango wa Madamu ulikuwa rahisi. Chupa ya kwanza, mama macho meupe, baba macho mekundu. Chupa ya pili, kinyume chake. Halafu tungoje watoto, tutazame wamefuata nani. Jioni ya siku ile, akiwa anavaa kofia yake aende, akanipa maagizo. Kiswahili chake alikuwa amekisoma kitabuni, Kiswahili cha pwani, kizuri, kimenyooka, na kila neno alilitamka taratibu.

"Kesho asubuhi mapema nataka mabikira wanane. Wawe tayari kabla jua halijawa kali."

"Ndiyo, Madamu."

Nilishangaa kidogo, lakini Wazungu walikuwa na mambo yao. Kulipopambazuka nikapitia kwa mabikira, nikabisha. Mama mkubwa wao alifungua mwenyewe, mikono imejaa unga.

"Mama mkubwa, Madamu anaomba mabikira munane. Mbio mbio."

"Munane! Madamu iko mgonjwa?"

"Sijui, mama mkubwa. Amesema kabla jua halijawa kali."

Uso wake ukabadilika. Mtu anayeita mabikira wanane alfajiri, atakuwa na nini kama si roho inamtoka? Wanane hakuweza kuwapata, wengine walikuwa zamu ya hospitali, lakini wanne aliwapata, na wa tano akawa yeye. Tukashuka barabara ya ziwani karibu kukimbia, mmoja amebeba mfuko wa dawa, mwingine mshumaa na maji ya baraka, nao njiani wanasali kwa sauti. Wavuvi walitupisha wakavua kofia. Tulipoingia, Madamu alikuwa amesimama mbele ya chupa zake, mzima kama nini, na mkate mdomoni.

Siwezi kueleza vizuri kilichofuata kwa sababu kilisemwa kwa Kifaransa. Nakumbuka Madamu alivyokuwa mwekundu kuanzia shingoni mpaka masikioni. Mama mkubwa alikunja midomo kwa muda, mabega yakaanza kumtikisika, mwishowe akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Mabikira wadogo hawakujua waangalie wapi. Mimi nilisimama mlangoni kama gogo. Hakuna aliyenieleza kitu. Walipoondoka, Madamu alinishika bega, akasema, "Kosa ni langu, mtoto wangu. Kosa ni langu kabisa." Na tangu siku ile hakulitamka tena neno lile.

Akasema, "Nichagulie wasichana." Nikamuuliza wasichana wa namna gani. Akawa mwekundu tena, akasema, "Wasichana, wasichana tu, unajua," akaenda kufundisha darasani.

Nilijua, ndiyo. Mimi nami nilikuwa msichana. Msichana ni mdogo, mwembamba, tumbo lake halijatoka. Nikawamwaga nzi sahanini, nikachagua majike wadogo wadogo waliokatika kiuno, nikawaoza kama Madamu alivyopanga. Nilijivuna sana.

Katika joto la ziwa letu nzi hachelewi. Siku ya kumi na moja, kumi na mbili, watoto walikuwa wanatambaa kwenye kuta za chupa. Tukawahesabu. Wale wa mama mwenye macho meupe, karibu wote macho meupe. Wale wa mama mwenye macho mekundu, wote macho mekundu. Baba hakuonekana popote. Niliona jibu wazi kama mchana. Weupe unatoka kwa mama.

Madamu hakufurahi. Alivua miwani akaifuta. "Ajabu," akasema. "Una hakika walikuwa wasichana?"

"Ndiyo, Madamu."

"Basi turudie yote tena."

Mimi hilo la kurudia sikulijali. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu.

Wiki hiyo hiyo dada yangu alijifungua. Alikuwa ameolewa Runingu, kule uwandani, na mume mkulima, mtu wa maneno machache, ambaye sote tulimpenda. Kwetu mimba ya kwanza mwanamke anakuja kuizalia kwa mama yake. Kisha mume anakuja na watu wake, anampa mtoto jina, anawachukua wote wawili kwenda nyumbani. Mpaka siku hiyo mtoto ni mtoto tu, hana jina, na anasubiriwa.

Akazaliwa wa kike, mweupe. Ngozi yake ilikuwa nyekundu-nyeupe, nywele kama nyuzi za muhindi mchanga, na mwanga wa mlangoni ulipompiga alikaza macho akaugeukia ukuta. Nyamweru, ndivyo watu walivyosema kwetu, na walilisema kwa sauti ya chini. Dada yangu alitazama tu, hata mkono hakuunyosha. Mama yangu ndiye aliyempokea, akamfuta, akamlaza kifuani mwake mwenyewe, akamwambia, "Karibu, mama yangu. Karibu sana. Ulichelewa wapi?" Nililia nikaenda kusimama nyuma ya jiko.

Jumapili shemeki, yule mume wa dada, akaja peke yake kutazama mtoto kwanza, amebeba kuku na mchele wa Bwegera. Akamshika mtoto. Alimshika vizuri, nataka hilo lijulikane, kwa mikono miwili, akageuka amkinge jua. Akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akamuuliza mama yangu, bila ukali wowote, kama mtu aliyepotea njia.

"Mama, hii inatoka wapi?"

Mama alitafuta la kusema. Mimi sikutafuta. Lilikuwa tayari mdomoni tangu Ijumaa, siku tuliyohesabu nzi.

"Inatoka kwa mama," nikasema. "Kwa nzi tumeona. Macho meupe watoto wanayapata kwa mama yao. Baba hana lake."

Nilisema kwa furaha! Ndicho kinachoniuma. Nilikuwa kama mwanafunzi anayenyoosha kidole darasani. Dada yangu alikuwa amelala kwenye mkeka, akafumba macho. Shemeki akamrudisha mtoto kwa mama, polepole, akaaga kwa heshima, akaondoka. Mama alinigeukia, na mara hii hakunitukana. Aliniambia tu, "Toka mbele yangu."

Shemeki hakurudi. Wiki ya kwanza tukasema mvua. Wiki ya pili tukasema kazi za shamba. Ya tatu, mama mmoja muuza muhogo kutoka Runingu alituletea habari: mama mkwe wa dada amekataa mwanawe asije. Anasema kwao hakujawahi kuzaliwa mtu wa hivi, wala hatazaliwa, na kama kuna anayebisha, akamuulize mdogo wake bibi harusi, yule anayefanya kazi ya akili kwa Wazungu, ndiye aliyetoa ushahidi. Mtoto abaki kwa walio wake.

Basi mtoto akabaki hana jina. Dada alimnyonyesha, alimwimbia, lakini nilimwona anavyositasita kila alipotaka kumwita. Angefungua mdomo, akafunga, akasema "we mtoto". Na kwetu mtoto asiyepewa jina na baba yake, kesho atakuwa wa nani? Hata kanisani wangeuliza. Dada hakuniambia hata neno moja baya. Afadhali angenipiga.

Madamu alirudia yote tena, na safari hii alikaa karibu yangu. Asubuhi alitikisa chupa, akawatoa nzi wazima wote, akaacha mabuu na wale waliokuwa bado kwenye maganda yao. Tukangoja. Saa tano akaichukua chupa, akawalaza wale waliozaliwa tangu asubuhi, akanionyesha. Walikuwa wanene, laini, rangi yao bado haijakolea, na tumboni doa jeusi linaloonekana kwa nje.

"Hawa," akasema. "Hawa tu."

"Mbona wanene hivi? Mbona si wale wembamba?"

"Kwa sababu hawa bado hawajakutana na mume. Nzi akizaliwa asubuhi, kabla ya jioni ameshaolewa. Na akiolewa mara moja, mbegu ya mume anaihifadhi tumboni, anazaa nayo siku nyingi. Hata ukimwoza kwa mwingine baadaye, watoto ni wa yule wa kwanza."

Nikamgeukia. "Madamu, wale wasichana wa kwanza, minye nilichagua wadogo. Wenye kiuno."

Akaweka brashi chini. "Kutoka kwenye chupa iliyochanganyika?"

"Ndiyo."

"Ah, mtoto wangu," akasema. "Wale walikuwa wake za watu tayari."

Kumbe mama mwenye macho meupe alikuwa ameshaolewa na kaka zake wenye macho meupe, na mwenye macho mekundu na wa kwao, kabla sijawagusa. Mimi niliwaingiza kwenye chupa mabwana harusi waliochelewa. Watoto hawakufuata mama; walifuata baba ambaye sikumwona. Na kwa kosa hilo nimemfukuza mtoto wa dada yangu. Nikamweleza Madamu yote, kamasi zinanitoka. Alisikiliza, kisha akasema kwamba neno lile, bikira, lilimwogopesha yeye, mwanamke mzima, mwalimu, akashindwa kunieleza kitu ambacho kila mfugaji wa kuku anakijua. Akalia na yeye kidogo. Halafu tukajifuta tukaendelea na kazi, maana nzi hawangoji.

Watoto wa ndoa hizo mpya walitoka wote macho mekundu. Chupa zote mbili, mama awe nani, baba awe nani, mekundu matupu.

"Weupe umekufa?" nikauliza.

"Umejificha. Kila nzi amepewa mafungu mawili, moja la mama, moja la baba. Lile jekundu likiwepo, hata moja tu, macho ni mekundu, na lile jeupe linakaa kimya nyuma yake. Sasa uwaoze hawa wenyewe kwa wenyewe, na uwe na subira."

Subira! Wakati mabuu wa kizazi hicho wanakula uji wangu, waasi walishuka milimani. Tulisikia bunduki juu ya mji, kisha karibu. Walimu wa kigeni waliambiwa wavuke mpaka siku ile ile. Madamu alikuja nyumbani kwetu na sanduku moja mkononi na kikapu mkononi mwingine. Ndani ya kikapu, chupa nne zimefunikwa kitambaa, chupa ya etere, brashi, na kioo chake cha kukuzia.

"Hadubini siwezi kubeba, na hiki kitakutosha," akasema. "Wahesabu. Uniahidi utawahesabu."

Alimwomba dada aione sura ya mtoto. Akamtazama, akambusu unyayo, akaniambia, "Usisahau kumvika kofia, jua ni adui yake," akaenda. Sikumwona tena maishani.

Siku tatu baadaye, mchana, mji umenyamaza na watu wamejifungia, nikawamwaga nzi kwenye sahani ya chakula ya mama, uani. Mama hakubisha. Dada alikaa karibu yangu, mtoto yuko kwenye kivuli cha kanga. Mimi natazama kwa kioo, nasema, "Mwekundu. Mwekundu. Mweupe. Mwekundu." Dada anaweka punje ya mahindi huku, punje ya mahindi kule. Tulipomaliza, rundo moja lilikuwa kubwa na jingine dogo. Katika kila wanne, watatu wekundu, mmoja mweupe. Majike kwa madume, sawasawa.

Dada alitazama mafungu yale. "Wazazi wao walikuwa namna gani?"

"Wekundu."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Kila mmoja alibeba weupe ndani, hajui. Mtoto akipata la mama na la baba yakakutana, njo anatoka hivi. La mmoja peke yake halitoshi."

"Na mume wangu?"

"Na mumeo, dada. Nusu ni yake. Ingekuwa yako peke yako, mtoto angekuwa mweusi kama sisi. Nilikosea. Nilisema uongo na sikujua kama ni uongo."

Dada akainuka. Kisha akachukua kitambaa cha jikoni akanichapa nacho mgongoni, mara moja, mbili, tatu, kwa nguvu zote za mwanamke aliyetoka kujifungua, mimi nimeinama nikapokea. Alipochoka akaniegemea palepale na kulia.

"Weye ulisema mbele yake," akasema. "Utaenda kusema mbele yake tena."

Nikaenda Runingu kwa miguu, chupa ndani ya kikapu, ndani yake ndugu wa tumbo moja, wekundu kwa weupe. Barabarani kulikuwa na kizuizi. Vijana wa waasi wenye bunduki na majani kichwani walinisimamisha.

"Hii njo nini?"

"Ni tunzi, bandugu. Nzi wadogo tu."

"Tunzi twa nini? Ni dawa ya kutuloga?"

Mdomo, asante yake kwa mara moja, ukafanya kazi. "Dawa! Tule tunzi twa kasiksi? Fungua unywe basi, utalewa." Wakainusa chupa, ikanuka ndizi zilizochacha, wakacheka. "Mama huyu iko na wazimu. Pita, pita!" Nikapita, nikatembea hadi Runingu bila kupumzika.

Nilimkuta shemeki ameketi mlangoni anatengeneza mpini wa jembe, na mama yake uani anamenya muhogo. Huyo mama nilikuwa nimemwona siku ya harusi tu: mrefu, mkavu, mwenye sauti inayofika mtaa wa pili. Hakunikaribisha. Nikapiga magoti mbele yake hivyo hivyo na vumbi langu, nikasema nimekuja kufuta neno. Nikamweleza, naye shemeki akasogea akasikiliza. Nikawaambia kosa langu, wake za watu na yote, shemeki akatabasamu kidogo asipende. Nikawaonyesha chupa.

"Hawa wote wametoka tumbo moja, mama. Baba yao macho mekundu, mama yao macho mekundu. Tazama kwa kioo."

Shemeki alitazama kwanza. Aliutazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza. "Kwa hiyo minye nabeba hiyo kitu?"

"Unabeba, shemeki. Nawe ulipewa na mmoja wa waliokuzaa."

Sikulipima neno hilo kabla ya kulitoa. Mama yake akaacha kumenya. Nikangoja matusi. Alinyoosha mkono akachukua chupa na kioo, akageukia mwanga, akatazama muda mrefu, mpaka nikasikia miguu inakufa ganzi.

"Hao wazazi wao," akasema, "walikuwa wamekosa nini?"

"Hawakukosa kitu, mama. Ni nzi tu."

Akaiweka chupa chini taratibu. Sauti yake kubwa haikuwepo. Alimwambia mwanawe, siyo mimi, bila kumwangalia, kwamba kabla yake alizaa mwingine. Wa kike. Mweupe kama huyu. Mama mkwe wake alisema ni yeye ameleta uchafu ndani ya ukoo, ashukuru asiporudishwa kwao. Mtoto aliishi siku nane, jina lake akilijua yeye peke yake, akashikwa na homa. "Akakufa," akasema, "nami nikasema asante. Unasikia? Nilimwambia Mungu asante. Wakamzika asubuhi, mchana nilikuwa shambani, sikulia hata kidogo, nikasema mambo yamekwisha. Nawe ukazaliwa mweusi, nikajua nimesamehewa."

Mama yule akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa msichana anayeuliza kitu anachoogopa kujibiwa.

"Basi haikuwa minye?"

"Haikuwa weye, mama," nikasema. "Hata siku moja haikuwa weye."

Kesho yake alitutangulia njiani kurudi Uvira. Pale kwenye kizuizi hakusimama hata kidogo, na wale vijana wakampisha. Aliingia uani kwetu, akampita mama yangu, akampita dada, akamwinua mtoto mkekani, akamfunika uso kwa kanga yake mwenyewe jua lisimpate. Hakungoja mwanawe aseme. Alimwita jina. Siliandiki hapa, ni lao. Dada alimtazama, maana katika ukoo wa mume hakuna mtu aliyewahi kulisikia jina hilo. Mimi na shemeki tulielewa.

Akamwita tena, na mara ya tatu, mtoto akafumbua macho chini ya kanga. Ndipo yule mama alipokaa chini palepale mavumbini, amembeba huyu wa pili, akaanza kumlilia wa kwanza.